Mlango wa nyuma wa HiAce yangu ulivyokwama, na mafundi wawili niliowalipa Kigoma

Gari langu ni Toyota HiAce ya zamani, ya lile umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, lenye mlango mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Nalitumia kubebea chumvi kutoka Uvinza na, chumvi inapokosekana, dagaa wa Kibirizi wanaokwenda Kasulu. Mwezi uliopita mlango huo ulikataa kufunguka huku ndani mkiwa na magunia kumi na mawili ya chumvi, na kwa kuwa tatizo hilo moja limenifanya nilipe mara mbili, naeleza hapa kazi ya kila fundi kama nilivyoiona.

Dalili zilianza mapema, nami nikazipuuza. Kwa majuma kadhaa kishikio cha nje kilikuwa kigumu, hasa asubuhi, na dereva wangu alikuwa akikivuta kwa mikono miwili huku mguu mmoja ameukaza kwenye bampa. Siku moja kikalegea ghafla, kikawa kinacheza tu kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Sikujua wakati huo kwamba hayo ni maradhi mawili tofauti. Kishikio kinapokuwa kigumu, mara nyingi ni kitasa chenyewe kilichokwama. Kinapolegea, ni ile fimbo nyembamba ya chuma inayounganisha kishikio na kitasa iliyochomoka, au klipu yake ya plastiki imevunjika. Sisi tulikuwa na yote mawili, na hilo la pili tulijitakia kwa kuvuta kwa nguvu.

Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, alikuja na nondo na nyundo. Alipenyeza ncha ya nondo kati ya mlango na bodi, akakandamiza kwa karibu nusu saa, na mlango haukufunguka. Kilichofunguka ni rangi, na ukingo wa chini wa mlango ukapinda kiasi kwamba mpira wa kuzuia maji haukai tena mahali pake. Alitaka shilingi 10,000 za usumbufu. Nilimpa 5,000 ili aondoke kabla hajarudia.

Wa pili nilimkuta kwenye gereji ndogo ya Mwanga, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Baada ya shikamoo aliuliza kama kishikio kilikuwa kigumu kabla ya kulegea, kisha akauliza gari linabeba nini. Nilipomjibu, alicheka kidogo akasema, "Basi mama, hapa tunashindana na chumvi, siyo na mlango." Aliagiza magunia yote yatolewe kupitia mlango wa ubavuni, kazi iliyotuchukua zaidi ya saa moja, na kusema kweli nilinuna, kwa sababu nilitegemea angefungua kwanza ndipo tushushe mzigo. Lakini hapakuwa na njia nyingine: kitasa cha mlango wa nyuma hufikiwa kwa ndani, na asingeweza kufanya kazi akiwa amelalia magunia.

Alipoingia aling'oa kava la ndani la mlango kwa kipande bapa cha mbao, akinitahadharisha mapema kwamba vibano vya plastiki vya gari la umri huu havina uhai na baadhi vingekatika. Vilikatika viwili. Nyuma ya kava akanionyesha kwa tochi. Kwenye sakafu ya gari kuna kitanzi cha chuma. Kwenye kitasa kuna ulimi wenye umbo la uma unaozunguka na kukikumbatia kitanzi hicho mlango unapofungwa, na kipande kingine kidogo chenye springi huuzuia ulimi usirudi. Kazi ya kishikio ni kukivuta tu kile kipande kidogo. Chetu kilikuwa kimegandwa na grisi ya zamani, vumbi jekundu, kutu na unga mweupe wa chumvi, mchanganyiko mgumu kama saruji.

Alipuliza mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kunywa chai. Hapo pia nilinuna. Aliporudi alisukuma kile kipande kwa ncha ya bisibisi, taratibu, mara mbili bila mafanikio, na mara ya tatu tukasikia mlio, mlango ukaachia. Hakuna nyundo iliyotumika.

Kilichofuata ndicho kilichonishawishi kwamba huyu anaijua kazi yake. Alifungua kitasa chote, akakiloweka kwenye mafuta ya taa, akakisugua kwa mswaki, akakikausha, kisha akapaka grisi mpya kwa kiasi. Alizibua kwa waya matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya mlango, ambayo yalikuwa yameziba, na maji machafu yenye chumvi yakachuruzika hadi chini. Klipu mpya haikupatikana mjini, kwa hiyo alitoa moja kwenye mlango wa gari bovu lililolala pale gereji. Baada ya kurudisha kila kitu hakuubamiza mlango. Aliuacha wazi, akaufunga ule ulimi kwa bisibisi kana kwamba ndiyo kitanzi, kisha akavuta kishikio kuona kama utaachia, na akarudia hivyo zaidi ya mara kumi. Mtu akiufunga mlango kabla ya jaribio hilo na kumbe fimbo haijakaa vizuri, atajikuta amerudi alikoanzia.

Nililipa shilingi 25,000 za ufundi na 3,000 za klipu. Bei naiona ya haki. Muda ndio sikuridhika nao: aliniambia ni kazi ya muda wa saa mbili, tukamaliza saa kumi jioni tangu saa tatu asubuhi, na mteja wangu wa Kasulu akanunua chumvi kwa mwingine. Vilevile tundu la ufunguo bado ni gumu, kwani hakuligusa hadi nilipomkumbusha, na shokapu za kuuinua mlango zimekufa, hivyo tunaendelea kuuegemeza kwa mti kama zamani. Hizo alikiri kwamba hana na kwamba lazima niagize Dar es Salaam.

Tangu siku hiyo gari limekwenda Uvinza mara nne na mlango unafunguka kwa mkono mmoja. Tunatandika turubai chini ya magunia, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani na gunia hutoa maji hata pasipo mvua, na kila tunaporudi dereva huosha eneo la kitasa kwa maji baridi, kisha hukausha. Kwa kitasa nitamrudia fundi yule yule, ila nitampelekea gari tupu.

Ukingo uliopindwa na ile nondo bado unaingiza maji mvua inaponyesha. Kuunyoosha nimeambiwa ni shilingi 40,000, na mpira wake bado nautafuta.