Imeili za muda: uzoefu wangu na 10 Minute Mail, YOPmail na DuckDuckGo

Kama Gmail yako imejaa ofa za viwanja, mikopo na kozi ambazo hukuziomba, hizi huduma zinazokupa anwani ya imeili ya kujazia fomu badala ya ile yako halisi zinakufaa. Ila hazifanani, na wengi wanaolalamika kuwa hazifanyi kazi wamechukua moja na kuitumia kwa kila kitu.

10 Minute Mail ndiyo nyepesi kuliko zote. Ukifungua tovuti, unakuta anwani imeshatengenezwa. Unainakili, unaibandika kwenye fomu, na barua inaingia hapo hapo. Muda wake ni dakika 10, na kuna kitufe cha kuongeza nyingine 10. Mimi naitumia kupakua orodha ya bei au kuingia kwenye WiFi ya mgahawa. Kwa WiFi, chukua anwani kwanza kwa bando lako. Ukishaunganisha simu, intaneti haifunguki mpaka ujaze fomu, na hapo tovuti ya kukupa anwani huipati.

YOPmail haina paswedi. Unabuni jina lolote, na barua zinakaa siku 8. Hapo hapo ndipo penye hatari: yeyote atakayeandika jina hilo hilo anasoma barua zako. Usiweke “juma” wala “asha”, weka kitu kirefu ambacho mtu hawezi kukikisia, na barua yenye jina lako kamili, namba ya simu au namba ya NIDA isipite humo kabisa.

Zote mbili zina ugonjwa mmoja. Tovuti nyingi zinatunza orodha ya vikoa (ile sehemu inayofuata alama ya @) vya imeili za muda, kwa hiyo fomu inakukatalia papo hapo. Nyingine ni mbaya zaidi: fomu inapokea, lakini barua ya uthibitisho haiji. Ukisubiri dakika tano kimya, usiendelee kubonyeza “tuma tena”, badilisha anwani.

Ninayoipa alama za juu ni DuckDuckGo Email Protection, na ni bure. Weka programu yao kwenye simu, ingia kwenye mipangilio, chagua Email Protection, kisha chagua jina lako linaloishia na @duck.com na uandike imeili yako halisi. Baada ya hapo, kila unapogusa sehemu ya imeili kwenye fomu ndani ya kivinjari chao, unaweza kupewa anwani mpya ya herufi za kubahatisha. Barua zinapitishwa kwenda Gmail yako, zikiwa zimeondolewa vile vipicha visivyoonekana vinavyomjulisha mtumaji kwamba umeifungua.

Uzuri wake ni kwamba kila duka linapata anwani yake. Barua ya kampuni usiyoijua ikiingia, angalia imetumwa kwa anwani ipi. Umemjua aliyeigawa au aliyeshindwa kuilinda. Juu ya barua kuna linki ya kuizima anwani hiyo peke yake, nyingine zinaendelea. Andika mahali anwani ipi uliipeleka wapi, maana herufi zile hakuna anayezikumbuka. Na ukipoteza Gmail yenyewe, barua za @duck.com nazo hutazipata.

Huo ni ushahidi pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inakupa haki ya kumzuia mtu kutumia taarifa zako kwa matangazo ya biashara, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anwani uliyompa mtu mmoja tu inasema mengi kuliko maelezo marefu.

Ile mbinu ya Gmail ya kuongeza alama ya kujumlisha, mfano jina+duka@gmail.com, ni dhaifu. Fomu nyingi zinaikataa, na mtumaji akifuta kipande hicho anabaki na anwani yako halisi.

Benki, TRA, BRELA, HESLB na Ajira Portal wape imeili yako halisi. Siku ukisahau paswedi, au ukiitwa kwenye usaili, barua itakwenda kwenye anwani uliyosajili. Kama ilikuwa ya dakika 10, hutaiona tena.

Kwa SMS za matangazo hakuna hata moja kati ya hizi inayosaidia. Fomu ikiomba namba ya simu, angalia kama pembeni kuna alama ya nyota, yaani lazima ujaze. Kama haipo, acha wazi, uone kama itakubali.