Walimvua mamangu miwani akiwa bado ndani ya Fort Jesus

Nimeandika haya mara tatu na mara tatu nimefuta, kwa sababu kila nikifika kwenye mkono wa yule kijana juu ya kichwa cha mamangu, hasira zinanipanda upya. Leo siifuti.

Ilikuwa mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, kwenye ukumbi mmoja hapa Mombasa. Kampuni sitaitaja. Wanakukalisha kwenye kiti kinachozunguka, wanakuvika miwani ya uhalisia pepe, unajikuta umo ndani ya Fort Jesus ya enzi zile. Mamangu ana miaka sabini na kitu. Babake alifungwa mle enzi za Waingereza, walioigeuza ngome kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Makumbusho yalipofunguliwa 1960 watu wote walikwenda kutazama, yeye hakwenda. Mpaka leo tukipita Ngomeni kwa tuktuk, hugeuza uso. Nikadhani miwani itakuwa nyepesi kwake kuliko lango lenyewe.

Na mwanzo ulikuwa mzuri, lazima niseme kweli. Unaanzia juu kama ndege, unaiona ngome yote imelala chini yako kwa umbo la mtu, kama alivyoichora Cairati, yule Mtaliano aliyewapangia Wareno ujenzi ulioanza 1593. Kisha unashuka mpaka ukutani. Mawe ya matumbawe wameyapima kwa leza na kuyapiga picha maelfu kwa maelfu, unaona hata vile vitundu vidogo vya jiwe. Mamangu alinyoosha mkono ayapapase. Niliona kidole chake kikitetemeka hewani, nikafurahi jinsi sijafurahi siku nyingi.

Halafu vikaja vita vya kuzingirwa, 1696 hadi 1698. Sauti ni ya Kiingereza tupu, nami nikawa namfasiria sikioni. Mizinga inalia, Waomani huku, Wareno kule. Nikamsubiri Bwana Daudi wa Faza, aliyeishika ngome na watu wake Wareno walipokwisha kwa maradhi. Sikumwona. Wapwani wote mle ndani ni vivuli vinavyobeba magunia. Hilo lilinichoma, lakini nikalimeza kwa sababu mamangu alikuwa ameanza kusema peke yake.

"Hapa! Hapa ndipo."

Alikuwa amefika uwanja wa ndani. Akazungusha kiti pole pole, kidole mbele. "Palikuwa na ukuta hapa. Tulisimama na mama, kikapu kimefunikwa leso. Mlango ulikuwa... ngoja." Miaka yote niliyoishi naye sijawahi kusikia habari ya kikapu hicho.

Kijana akaja. "Shosho, muda umeisha."

"Ngoja kidogo, mwanangu, natafuta mlango."

"Hapo hakuna mlango, shosho. Mambo ya jela hayako kwenye programu." Akaishika miwani, akaivuta. Ukanda ukaja na mtandio. Mamangu akabaki nywele wazi mbele ya foleni ya watu, akaukamata mtandio kwa mikono miwili, asiseme neno. Pini yake ilidondoka. Niliitafuta kwa magoti chini ya kile kiti, na yule kijana alikuwa ameshaanza kumvika miwani mteja mwingine juu ya kichwa changu.

Shosho! Hivyo ndivyo watu wa bara humwita bibi. Huku kwetu mwanamke wa makamo yale ni mama, au ni bibi. Hata angesema mama tu ningestahimili. Mkubwa wake akaja na nusu ya pesa zetu mkononi. Nikamwambia pesa kaa nazo, mwombe mamangu radhi. Akaniambia mimi pole. Mimi! Mamangu amekaa pale pale, hata hakumtazama.

Wakanieleza eti leza hupima kilichosimama, na vyumba vya jela vilibomolewa ngome ilipotengenezwa kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Kuhusu leza wana haki, mwale hauwezi kurudi na ukuta ambao haupo. Lakini je, zile jahazi za 1696 zimesimama wapi leo? Wale askari? Hivyo walivichora, tena vizuri, mpaka kamba za tanga. Basi kuchora wanajua. Miaka sitini na tatu ya watu wetu ndiyo waliyoona haina haja kuchorwa, na waliokuwa watoto wakati ule wako mitaani humu, Mji wa Kale umejaa wazee, wangeulizwa wangesema ukuta ulikuwa wapi. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti chao akisema bila kuulizwa, wakamzima.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuwapa alama mtandaoni: nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki. Msiende, msipeleke wazee wenu.

Lakini wallahi sijui tena. Tukirudi nyumbani, tulipofika Ngomeni, mamangu akamwambia wa tuktuk asimame. Akashuka. Nikalipa tiketi mbili huku moyo unanidunda. Akapita lango bila kunishika mkono, akaingia uwanjani, akaenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda jikoni kwake, akasimama mahali pasipo na chochote ila jua. "Ukuta ulikuwa hivi," akasema, akachora kwa mguu. "Na baba alikuwa upande ule." Alikaa pale mpaka kivuli kikamfikia.

Angeingia pale bila ile miwani? Miaka yote hiyo hakuingia. Iliyomwonyesha njia ni ile ile kazi ya wale wale watu, na jambo hili linanikera kuliko pini. Nimebadilisha nyota mara mbili tangu asubuhi. Sasa ziko tatu, na kesho huenda nikazipunguza tena.

Yule kijana bado anadaiwa radhi, na anayemdai si mimi. Jana usiku mamangu ameniuliza kama ukumbi ule bado uko wazi. Anataka kukaa tena kwenye kile kiti, ila anasema safari hii atavaa ushungi wa kufunga, na wakimwita shosho atawajibu mwenyewe.