TAHADHARI: "Barua ya Baden-Powell" inayouzwa Nyeri ni ya kuchapwa, na "mnunuzi" wake ni mwenzake wa yule muuzaji

Ndugu viongozi wa skauti, walimu, na nyote mnaopanda Nyeri kila Februari kwa siku ya mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell: someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Nimetapeliwa shilingi 22,000, na zilibaki saa chache tu nitoe 14,500 nyingine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa skauti. Februari iliyopita nilipeleka watoto kaburini kwake, pale makaburi ya St. Peter's, wakaone lile jiwe lenye duara na nukta katikati, ile alama ya njia ya skauti inayosema "nimekwenda nyumbani". Watoto walipokuwa wakinunua soda kando ya barabara, akanijia mwanamume mwenye skafu shingoni na faili ya plastiki mkononi. Alinisalimia kwa mkono wa kushoto kama skauti. Akasema marehemu babu yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya mzungu mmoja hapo Nyeri, na vitu hivi vilitoka kwenye sanduku la vitabu walilopewa mzungu alipohama.

Alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa barua ya kuaga ya Baden-Powell, karatasi ya rangi ya kahawia iliyokunjwa mara tatu, sahihi chini, na kwenye ukingo maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa mkono: kwa rafiki yangu skauti, Paxtu, 1937. Paxtu ni jina la nyumba yake ya Nyeri. Cha pili kilikuwa kamba ya ngozi yenye shanga mbili kama zile wanazovaa viongozi wa skauti waliohitimu mafunzo, ambazo alisema zimetoka kwenye mkufu wenyewe wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu.

Barua ile naijua. Huwa nawasomea watoto wangu sehemu ile ya kujaribu kuiacha dunia hii bora kidogo kuliko tulivyoikuta. Kuishika karatasi yenyewe, hatua chache kutoka kaburini, kulinifumba macho kabisa. Alianza na 60,000. Tukashuka mpaka 22,000 kwa vyote viwili. Nia yangu ilikuwa kuviuza kwa wakusanyaji wa ng'ambo ili tupate mahema, maana yale tuliyo nayo yanavuja. Sehemu ya pesa zile ilikuwa ya mahema hayo, michango ya wazazi. Nimeirudisha yote kutoka mfukoni mwangu, na wazazi wanajua.

Wiki moja baadaye niliweka tangazo kwenye makundi mawili ya WhatsApp. Nilipiga picha ya sahihi tu na picha ya shanga. Ukingo wenye maandishi ya mkono nilikuwa nimeukunja, kwa sababu nilitaka maneno yale yasisambae ovyo. Jioni ile ile akanitafuta mtu aliyejiita wakala wa wakusanyaji wa Uingereza. Maneno matamu, Kiswahili safi. Angelipa sawa na laki nne za Kenya, ila kwanza nilipie cheti cha uhalisi na kibali cha kusafirisha, 14,500, nitume kwa simu kwa nambari ya "afisa" wake.

Nilikuwa nimeshaanza kukopa. Kilichoniokoa ni sentensi moja. Aliandika kwamba mteja wake ameipenda hasa kwa sababu ina maneno ya Paxtu ya 1937. Nikasoma mara ya pili. Maneno hayo sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote. Aliyeyaona, mbali na mimi, ni yule aliyeniuzia.

Kesho yake nikabeba vitu vyangu mpaka kwa mzee mmoja mtaani kwetu aliyefanya kazi ya kupiga chapa miaka mingi. Hakuuliza habari za skauti. Alichukua kioo chake cha kukuza, akakiweka juu ya sahihi, akanisogezea. "Mwalimu, hebu angalia mwenyewe." Mstari wa wino uliokuwa unaonekana mzima ulikuwa vinukta vidogo vidogo, kama picha ya gazeti ukiisogeza karibu na jicho. Wino wa kalamu hauna vinukta. Huzama katika nyuzi za karatasi, na hukolea pale mkono ulipokawia. Kisha akapeleka kioo kwenye yale maneno ya ukingoni. Hayo kweli yaliandikwa kwa mkono, lakini kwa biro: kulikuwa na mfereji uliokandamizwa na kidoa kizito mwisho wa kila neno. Baden-Powell alikufa tarehe 8 Januari 1941, na biro zilianza kuuzwa madukani baada ya hapo. Mzee akainusa karatasi, akanipa na mimi nikanuse. Majani ya chai.

Niliporudi nyumbani nilikaa na mambo ambayo nayafundisha kila mwaka. Paxtu, ile nyumba ndogo ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, Baden-Powell na mkewe Olave walihamia 1938. Hakuna barua ya Paxtu ya 1937. (Hoteli haihusiki hata kidogo na utapeli huu, msije mkawasumbua.) Zaidi ya hayo, ile barua ya kuaga ilikutwa katika karatasi zake baada ya kufa kwake, kisha ikachapwa na kusambazwa duniani kote. Angewezaje kumwandikia mtu maneno ukingoni mwa nakala iliyochapwa yeye akiwa ameshazikwa? Swali hilo lingetosha kunirudisha nyumbani na pesa zangu, lakini sikujiuliza pale barabarani.

Na shanga je? Ni kweli zipo zilizotoka kwenye mkufu ulionasibishwa na Dinizulu. Waliomaliza mafunzo ya kwanza ya viongozi pale Gilwell Park, kituo cha skauti huko Uingereza, Septemba 1919, walipewa shanga za mkufu huo. Lakini hazikuweza kuwatosha wote waliofuata, ndipo zikaanza kuchongwa nyingine za mti, na ndizo viongozi wanavaa mpaka leo. Zangu hazikuwa hata za mti. Ukizipitisha ukucha ubavuni unakuta mshono mwembamba, ule wa plastiki inapotoka kwenye kalibu, na ndani ya tundu ambako rangi haikufika ni nyeupe pe.

Sisemi hivi ili mtu aogope kila kitu cha zamani. Vitu halisi vya skauti vipo, na huibuka pasipotarajiwa, kwenye marobota ya mitumba, kwa wauza vitabu vikuukuu, hata kwa wanunua vyuma chakavu. Ukiokota beji au mshipi, tazama jina kwanza. Chama cha Uingereza kiliitwa The Boy Scouts Association mpaka 1967, ndipo kikawa The Scout Association. Kwa hiyo cheti "cha 1938" chenye jina jipya ni cha uongo, huna haja ya kuuliza zaidi. Barua ikidaiwa kuwa ya miaka ya 1930, angalia sahihi pia: baada ya kupewa cheo cha Lord mwaka 1929, mara nyingi Baden-Powell alikuwa akitia sahihi Baden-Powell of Gilwell. Karatasi ipeleke dukani kwenye ile taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi nyingi za siku hizi zina dawa ya kung'arisha na hutoa mwanga wa buluu chini ya taa, ilhali za kabla ya 1950 hubaki zimefifia. Yangu iliwaka kama shati jipya la shule.

Kuna nishani moja inayotupwa sana kwa kutoeleweka. Nishani ya zamani ya skauti, iitwayo Medal of Merit, ilikuwa na alama ya swastika, ule msalaba wenye ncha zilizopinda ambao Wanazi waliufanya alama yao, tangu 1922, miaka mingi kabla hawajashika madaraka Ujerumani. Ilibadilishwa 1935 kwa sababu yao. Mtu akikuambia "hii ni ya Hitler, nipe nikutupie", usimpe. Na tafadhali msiisugue shaba kwa dawa wala mchanga ili ing'ae. Ule weusi wa miaka ndio anaoutafuta mkusanyaji, na alama ya mtengenezaji nyuma ya pini hufutika upesi.

Wakati wa kuuza, piga picha pande zote, lakini bakiza sehemu moja usiyoionyesha mtu. Mimi nilifanya hivyo bila kujua na ndiyo iliyonisaidia. Mnunuzi wa kweli hukulipa wewe, hakudai ada wewe. Akitaja kibali, nenda mwenyewe Makumbusho ukaulize, usimtumie "afisa" wake. Na kitu kisitoke mikononi mwako eti kinapelekwa kuthibitishwa. Anayetaka kukikagua aje akikague mbele yako, mchana, akiwepo mtu unayemwamini.

Nimeripoti polisi na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ninayo. Nambari zote mbili za simu hazipatikani tena. Skafu yake isiwadanganye, skafu zinauzwa kwa yeyote mwenye pesa.

Aliyeuziwa karatasi yenye maneno "Paxtu, 1937" ukingoni anitafute na picha, tuunganishe ripoti. Najua sipo peke yangu. Alipofungua faili kutoa ya kwangu, niliona karatasi nyingine za kahawia nyuma yake, zimekunjwa vilevile mara tatu, kama tano hivi.