Slasha sita zilizotengenezwa kwa fedha kidogo: ipi ununue kwanza

Mara ya kwanza kununua muvi ya kutisha iitwayo Halloween nilirudi nyumbani na isiyo yenyewe. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu ile ya mwaka 1978, nikaingia dukani, nikaona jalada lenye kinyago cheupe, nikalipa. Haikupita robo saa nikajua nimekosea: ilikuwa ile iliyorudiwa mwaka 2007, yenye kelele nyingi, inayoeleza utoto wote wa muuaji mpaka huna tena cha kumwogopea. Muuzaji hakunidanganya. Filamu zenye jina hilohilo ziko tatu, ya 1978, ya 2007 na ya 2018, na zote zina kinyago kilekile.

Kwa hiyo kabla ya lolote, katika muvi za aina hii angalia mwaka kwanza, jina baadaye. Black Christmas ziko tatu pia: 1974, 2006 na 2019. Friday the 13th ziko mbili, 1980 na 2009. The Texas Chain Saw Massacre imerudiwa na kuendelezwa mara nyingi na majalada yanachanganya, basi tafuta jina la mwongozaji Tobe Hooper na mwaka 1974.

Aliyesoma shule za huku anaijua slasha kama chuma cha kufyekea nyasi. Muvi hizi zimepata jina kwenye kitendo hichohicho: muuaji mmoja, mara nyingi kafunika uso, ana silaha ya mkononi, anawafyeka vijana mmoja baada ya mwingine hadi abaki mmoja, na kwa kawaida anayebaki ni msichana. Profesa Carol Clover wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyempa msichana huyo jina lililoenea, binti wa mwisho.

Ukitazama kwa haraka utasema zote ni moja. Ni kweli, na ndiyo raha yake. Bibi akisimulia hadithi ya zimwi tulijua tangu mwanzo kwamba mtoto asiyesikia ataenda msituni, na tulijua zimwi linamsubiri. Bado tulivuta mkeka karibu zaidi. Slasha inatembea kwenye njia hiyohiyo. Tena haidai nyota mkubwa wala gari la kulipuka. Nyumba moja, usiku mmoja na kisu vinatosha, ndiyo maana vijana wasio na mtaji wameikimbilia kwa miaka hamsini.

Nimezipanga kwa swali moja tu: fedha zilipoisha, mtengenezaji alifanya nini?

1. Halloween (1978)

Iligharimu kama dola 325,000. Hadithi inatuambia tuko Haddonfield, mji mdogo wa Illinois, mwisho wa Oktoba, majani yakipukutika. Ukweli ni kwamba waliipiga California, majira ya machipuko, miti yote ikiwa kijani. Wakapaka rangi majani ya bandia, wakayamwaga barabarani, na kila kipande kikimalizika wakayaokota na kuyatunza kwa kipande kinachofuata. Ukikaza macho, hapa na pale utaona mitende nyuma ya nyumba. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa kwa chini ya dola 2. Kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, ule mchezo wa televisheni. Walikipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Muziki aliutunga na kuupiga mwongozaji mwenyewe, John Carpenter, kwa mapigo matano aliyofundishwa na baba yake utotoni.

Sasa angalia uhaba huo ulizaa nini. Kinyago cha bei ya chini kilitoa uso usiosema kitu, usio na hasira wala furaha, na macho yako yanahangaika kutafuta mtu ndani yake. Damu karibu haipo. Kwa sehemu kubwa ya muvi muuaji amesimama tu: kando ya ua, ng'ambo ya barabara, katikati ya kamba za nguo zilizoanikwa, mchana kweupe. Mpiga picha Dean Cundey alitumia fremu pana sana, akamweka pembeni, mahali ambapo jicho lako halijafika. Kwa sababu hiyo usinunue nakala ya zamani iliyokatwa ili ijae kwenye televisheni ya mraba. Ukikata pembeni umemkata muuaji mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitaji. Mazungumzo ya wasichana yaliandikwa kwa sehemu kubwa na Debra Hill, aliyekuwa pia mtayarishaji, na wasichana hao wanaongea kama wasichana wa kweli wanaotoka shule. Jamie Lee Curtis, aliyecheza binti wa mwisho, alikuwa na miaka 19 na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza. Anapogonga mlango wa jirani na jirani akazima taa, unaumia, maana umeshamjua. Ukiwa na fedha za kununua moja tu, nunua hii.

2. The Texas Chain Saw Massacre (1974)

Hii ilipigwa Texas katika joto la kiangazi cha mwaka 1973, kwa kamera ya milimita 16, na gharama inayotajwa zaidi ni kama dola 140,000. Gunnar Hansen, aliyecheza muuaji mwenye chenisoo, ule msumeno wa mashine wa wakata magogo, alivaa nguo zilezile kwa wiki kadhaa bila kufuliwa, kwa hofu kwamba rangi yake itabadilika na hakukuwa na nyingine. Mifupa unayoiona ndani ya nyumba mingi ilikuwa ya wanyama kweli. Kipande cha mezani kilipigwa mfululizo kwa zaidi ya saa 24, madirisha yamezibwa, chakula kikioza chini ya taa. Mateso hayo yameingia kwenye picha. Marilyn Burns, aliyecheza binti wa mwisho, anapopiga kelele, sidhani kama anaigiza yote.

Watu wengi watakuapia kwamba ina damu nyingi. Itazame tena: damu ni kidogo sana. Hooper alijizuia kwa makusudi, akitumaini bodi ya ukaguzi ingemruhusu aonyeshe kwa watazamaji wengi zaidi. Haikumsaidia. Uingereza waliikatalia cheti mwaka 1975 na hawakuitoa rasmi hadi 1999.

Nimeiweka ya pili kwa sababu si ya kila nyumba. Nusu saa ya mwisho haikuachii upumue, na mama yangu mdogo aliondoka sebuleni akaenda kukaa barazani. Chembechembe utakazoona kwenye picha ni za filamu ya milimita 16, usidhani umeuziwa nakala mbovu. Nakala iliyosafishwa mpaka ikawa laini kama tangazo la sabuni imeharibiwa.

3. Black Christmas (1974)

Hii inatoka Canada. Ilipigwa Toronto na Bob Clark, miaka minne kabla ya Halloween, na mengi yanayosifiwa kule yalianzia hapa. Simu inalia katika bweni la wasichana wa chuo wakati wa Krismasi. Anayepiga yumo ndani ya nyumba. Kamera ilifungwa kwenye mwili wa mpiga picha ili tuone kwa macho ya muuaji anapopanda ukutani, na sura yake nzima hatuioni hata muvi inapoisha. Mtunzi Carl Zittrer alifunga uma, vitana na visu kwenye nyuzi za piano ili isikike kama kitu kinachovunjika polepole. Hiyo ndiyo akili ya mtu asiye na okestra.

Kwa anayependa hofu ya sikio kuliko ya jicho, hii inaweza kuwa namba moja. Itazame usiku, sauti ya juu, simu yako ukiwa umeizima.

4. The Slumber Party Massacre (1982)

Fupi, dakika 77. Imeongozwa na mwanamke, Amy Holden Jones, kutoka kwenye mswada wa Rita Mae Brown uliokuwa wa kuwakejeli wauaji wa aina hii. Ikapigwa kama slasha ya kawaida na kejeli ikabaki chini kwa chini. Keekee ya muuaji ni ndefu kupita kiasi na hakuna asiyeelewa inamaanisha nini. Waigizaji wengine ni dhaifu. Inunue ikishashuka bei.

5. Friday the 13th (1980)

Najua wengi wangeiweka juu. Sean S. Cunningham alitangaza jina la muvi gazetini kabla hata mswada haujawa tayari, na hilo linaonekana: ni jina zuri lililotafutiwa hadithi. Vijana wa kambi wapo ili wafe. Ukiniuliza leo majina yao nitakutajia mawili.

Kinachoibeba ni kazi ya mikono ya Tom Savini, aliyekuwa mpiga picha wa jeshi Vietnam kabla ya kuwa fundi wa majeraha ya bandia. Kile kipande cha mwigizaji Kevin Bacon kitandani, mshale ukitokea shingoni, kilifanywa kwa kichwa chake halisi kilichopitishwa kwenye tundu la godoro, shingo na kifua vikiwa vya bandia. Usipoona uzuri wa ufundi huo, hutaona kingine cha kununulia. Na kama unaitaka kwa ajili ya kile kinyago cha mpira wa magongo, humu hakimo. Kinaanza kwenye sehemu ya tatu, ya mwaka 1982.

6. Terrifier 2 (2022)

Damien Leone aliitengeneza kwa kama dola 250,000 na ikarudisha zaidi ya milioni 10. Majeraha aliyatengeneza mwenyewe, kwa mkono, na kama fundi namvulia kofia. Lakini ina dakika 138 na ukatili wake hauna mpaka, hasa kwa miili ya wanawake. Carpenter alikosa fedha akajifunza kuficha; hapa fedha kidogo zote zimekwenda kwenye kuonyesha. Lauren LaVera, binti wa mwisho, anastahili muvi bora zaidi. Ikodi kwanza kabla ya kuinunua.

Inapoishia raha

Lawama hii siipangii namba kwa sababu inagusa karibu zote. Slasha nyingi zinampiga picha msichana kwa tamaa, kisha zinamuua kana kwamba zinamwadhibu kwa tamaa hiyohiyo. Na sehemu ya pili, ya tatu na ya nne mara nyingi zinaongeza maiti na kupunguza watu. Kwa hiyo ukiona boksi la filamu nane au kumi kwa bei ya kuvutia, piga hesabu ya zile utakazozitazama mara mbili. Mimi nililinunua moja na nimefungua diski mbili tu. Na usiziache mahali watoto wanapofikia rimoti.

Kuhusu diski zenyewe

Wengi wetu tunaagiza kwa ndugu walioko nje, na hapo ndipo fedha hupotea. DVD zina kanda, yaani kila diski imefungiwa eneo lake la dunia: Marekani na Canada ni kanda ya 1, Ulaya na nchi za Ghuba ni ya 2, Afrika Mashariki ni ya 5. DVD ya Marekani inaweza kugoma kabisa kwenye mashine iliyonunuliwa Dar es Salaam au Mombasa. Blu-ray, diski zenye picha kali kuliko DVD, ni afadhali: Ulaya, Ghuba na Afrika yote tuko kanda B, hivyo diski ya London au Muscat itacheza Nairobi, ila ya Marekani, kanda A, huenda isicheze. Diski za 4K, zenye picha kali zaidi ya hizo, hazifungwi kwa kanda, lakini lazima uwe na mashine ya 4K. Mashine ya Blu-ray ya kawaida haizisomi. Agiza Oktoba, mwezi ambao muvi za kutisha hutolewa upya na nyingine hushushwa bei. Na kabla ndugu yako hajalipa, mwambie akupigie picha ya nyuma ya jalada, uone mwaka.