Ukienda kununua blaindi, uliza cheni kwanza, rangi baadaye

Nilinunua blaindi ya rola, lile pazia la dirishani linalojiviringa juu, ya chumba cha watoto kwa sababu moja tu, kitambaa kilinivutia. Fundi akaja, akatoboa, akafunga, akaenda zake, ile cheni ya pembeni ikabaki inaning'inia karibu kugusa sakafu na mimi nikaona sawa tu, si ndo zilivyo. Wiki ya pili binti yangu ananiita, "Mama, ona mkufu wangu!" Nageuka namkuta kasimama juu ya kitanda, kitanzi cha cheni kiko shingoni, anacheka. Angeteleza tu pale basi.

Kwa hiyo mambo ya rangi na giza la kulalia siyasemi hapa, hayo muuzaji atakuimbia mpaka uchoke. Mi nauliza kitu kimoja: kuna kamba au cheni yenye kitanzi ambayo mtoto anaifikia? Maana mtoto akinaswa shingo hapigi kelele, hawezi, na haichukui muda, unaweza kuwa chumba cha pili unakunja nguo na usisikie chochote.

Namba moja: rola isiyo na kamba kabisa, ya springi. Unashika ubao wa chini unavuta, unasukuma inapanda, basi. Na hapa sifichi, mimi ni mtu wa IKEA, yale maduka ya samani ya Sweden. Tangu mwaka 2016 waliacha kuuza blaindi zenye kamba za kufikika, wakati wengine bado wanakubandikia stika ya "salama kwa mtoto" juu ya boksi lenye kamba ndani, sijui hiyo stika inamzuia mtoto vipi. Ubaya wake mmoja, dirisha likiwa juu ya sinki au nyuma ya sofa utajinyoosha mpaka mgongo ulalamike.

Namba mbili: ya mota. Tamu kweli, na kwa dirisha la juu ndo jibu. Ila rimoti nyingi zinatumia zile batri bapa kama kifungo cha shati, na mtoto akimeza ile inaunguza koo kwa ndani, tena kwa masaa machache tu. Hakikisha kifuniko chake kina skrubu, na rimoti ikae juu.

Namba tatu: za vibao, zile za kugeuza kwa kijiti. Sawa, lakini igeuze uangalie nyuma, kuna nyingine mbele hazina kamba halafu kamba za katikati ya vibao zinavutika zikawa kitanzi. Na za kitambaa cha kukunjana vilevile, kamba ziko mgongoni, hakuna anayeangalia huko.

Namba nne: rola ya cheni, kama yangu. Naiweka hapa kwa sharti: kile kidude cha plastiki cha kukaza cheni. Jamani hicho kidude! Kinakuja kwenye kimfuko pamoja na skrubu, fundi anakiona kama cha ziada anakitupa na maboksi, au hakimo kabisa kama kwenye boksi langu. Kazi yake ni kushika cheni kwenye ukuta ikiwa imekazwa, ili isilegee ikafanya kitanzi. Kifungwe kwa skrubu na ile plagi ya plastiki ya kuingiza kwenye tundu la ukuta, sio gundi, gundi itabanduka. Kikishafungwa vuta cheni kwa vidole viwili, ikitoka nje kiasi cha kupitisha kichwa, shusha kidude kidogo ufunge upya. Kanuni za Ulaya tangu 2014 zinataka pia cheni iishie angalau mita 1.5 kutoka sakafuni. Na kitanda au kiti kikiwa chini ya dirisha hiyo mita na nusu haina maana, mtoto keshapanda, kwa hiyo sogeza kitanda.

Marekani walianza mwaka 2018 kwa blaindi zilizo tayari dukani, zisiwe na kamba ndefu za kufikika, 2024 wakakataza kamba za kuning'inia huru hata kwenye za kuagiza kwa vipimo. Sasa mtu ananiuzia cheni ndefu namna ile kwa chumba cha mtoto na anajua ni cha mtoto, nilimwambia!

Za karatasi za kubandika: hazina kamba, zinachakaa haraka, ni za muda tu ukiwa ndo unahamia.

Kwenye kufunga, pima upana wa dirisha sehemu tatu, juu, kati na chini, kama inaingia ndani ya fremu chukua ule mdogo kuliko yote, kuta zetu hizi hazijanyooka. Tumia pimamaji, usiamini jicho, rola ikipinda kidogo kitambaa kinahama upande na kuchanika pembeni. Ya springi usiiachie ijirushe yenyewe juu, springi inakufa na ubao unaweza kukupiga usoni.

Nilimpigia muuzaji kuhusu kile kidude. Akasema "dada, hicho si muhimu, wateja wengi hawakitaki." Nikamuuliza nakipata wapi, akasema kinauzwa peke yake. Yaani kitu cha kumkinga mtoto ndo kinauzwa peke yake, ila kile kishungi cha urembo chini ya cheni nilipewa bure, viwili. Nikataka kuirudisha blaindi yenyewe, akasema lazima iwe na boksi lake. Boksi fundi aliondoka nalo.