Laptopu yangu ya gemu: kutoka saa moja unusu hadi saa nne bila chaja

Nko na hii laptopu mwaka wa pili sasa, ni ya gemu, inchi 15.6, prosesa i5-11400H, kadi ya grafiki (ya kuchora picha za skrini) ya NVIDIA RTX 3050, skrini ya 144Hz, yaani inajichora upya mara 144 kwa sekunde, na betri ya 48Wh (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Kwa gemu sina neno nayo, naipenda sana. Shida ilikuwa matumizi ya kawaida tu, kuandika, kusoma PDF, video mbili tatu za YouTube, nikichomoa chaja hapa nyumbani Tudor, Mombasa, naambiwa imebaki saa moja unusu. Sasa stima ipotee magharibi na kazi ya chuo inatakiwa usiku huohuo, hiyo saa moja unusu haikufikishi mahali wallahi.

Nkapeleka kwa fundi mjini, akaishika akasema betri imekufa, lete elfu tisa nikuwekee nyengine. Nkaona kabla sijatoa pesa wacha nipime mwenyewe. Windows ina amri yake, unafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri unaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti unaifungua kwa brauza. Pale utaona betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa ikijaa inabeba ngapi. Yangu ilikuwa imeshuka kutoka 48 hadi kama 41 hivi, yaani imechoka kidogo lakini kufa haijafa. Nkaweka programu ya kupimia mashine, HWiNFO, nione inakula wati ngapi, na ilhali nimefungua Word peke yake ilikuwa inakula wati 27! Gawa 41 kwa 27 utapata ileile saa moja unusu. Kumbe betri haina makosa, ni ulaji.

Na hapa ndipo nataka mtu anisikize vizuri. Hizi laptopu zina grafiki mbili, moja iko ndani ya prosesa ya Intel na nyengine ni hiyo NVIDIA. Mpango wenyewe (wanauita Optimus) ni kwamba kazi ndogo ndogo zifanywe na ya Intel na NVIDIA ilale kabisa, iamke ukifungua gemu. Lakini programu moja tu ikiigusa basi hailali, na ikiwa macho inakunywa betri hata kama haifanyi kitu cha maana. Kwenye NVIDIA Control Panel, menyu ya Desktop, kuna mahali unatia tiki inakuletea kialama kidogo pale chini karibu na saa, ukikibonyeza kinakutajia nani anaitumia kadi. Yangu ilikuwa inashikwa na watatu: duka la gemu linalojifungua lenyewe nikiwasha mashine, picha ya ukutani inayocheza cheza, na Chrome ambayo mimi mwenyewe zamani niliipa grafiki kubwa nikidhani video zitatoka safi. Nkazuia duka lisijifungue, picha nkaifuta, Chrome nkairudisha kwa grafiki ndogo kwenye setingi za Windows za skrini. Wati zikashuka hadi 15 papo hapo. Na usikae unaita nvidia-smi kila dakika kuangalia kama imelala, maana hiyo amri yenyewe inaiamsha.

Baada ya hapo ni mambo madogo madogo. Skrini nkaitoa 144Hz nkaiweka 60, kwa kuandika hutaona tofauti kubwa ila ukisogeza ukurasa utahisi si laini kama mwanzo. Mwangaza asilimia 40, taa za kibodi nimezima. Halafu kwenye mipango ya umeme ya Windows prosesa nimeifungia asilimia 99 nikiwa kwa betri, hiyo moja iliyopungua inaizuia isiruke hadi kasi yake ya juu ya 4.5GHz, na hata feni sasa zimenyamaza, usiku mamangu analala chumba cha pili hasikii kitu. Nikicheza gemu nachomeka chaja na kurudisha kila kitu. Sasa naona wati 9 na nusu, 10, nakaa saa nne na kitu.

Ile hali ya kuokoa betri ya Windows peke yake haikunisaidia sana kwa sababu kadi ilikuwa bado imeshikwa.

Kuna jambo la joto pia, na sisi huku wakati wa kaskazi tunalijua. Betri za lithiamu zinazeeka haraka zikikaa na joto na zikikaa zimejaa 100 muda mrefu, na mimi nlikuwa nafanya yote mawili, chaja siku nzima na mashine juu ya godoro ambapo matundu ya hewa ya chini yanazibwa. Sasa iko mezani na nimeweka kikomo cha chaji 80. Ni kweli hiyo inanikatia, kwa 80 napata kama saa tatu na dakika ishirini, kwa hivyo siku nikijua navuka Likoni kwenda kwa shangazi natoa kikomo usiku wa kuamkia ijae yote.

Kitu sijakipatia dawa ni HDMI, tundu la kuunganishia skrini ya nje. Kwenye yangu tundu hilo limeungwa moja kwa moja na NVIDIA, nikichomeka projekta darasani kadi inaamka na wati zinapanda palepale. Siku hizo nabeba chaja.