Blogger kwa mwandishi mwenye jambo moja la kusema

Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika blogu ndogo kuhusu bustani za mboga za nyumbani kwa kutumia Blogger, huduma iliyoanzishwa mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003, na ambayo anwani zake za blogspot.com zilihifadhi blogu nyingi za awali za Kiswahili, ikiwamo ile ya mpiga picha Issa Michuzi iliyoanza mwaka 2005. Naitathmini kwa kigezo kimoja tu: je, inamwezesha mwandishi kufikisha alichokusudia?

Inamwezesha, ilimradi mwandishi mwenyewe ajizuie. Sehemu ya mpangilio imejaa vijisanduku vya kubandika pembeni mwa ukurasa, na kila kimoja kinaonekana kuwa na faida mpaka vikae pamoja. Mwaka wa kwanza mimi niliweka kalenda, saa, kihesabu cha wageni, na juu kabisa maandishi ya kijani yaliyokuwa yakipita kama treni yakisema "Karibuni sana". Mjomba wangu, aliyekuwa ameufungua ukurasa huo ili ajue namna ya kuzuia vidukari kwenye sukuma wiki, alinipigia simu akaniuliza, "Mjomba, saa ninayo ukutani, hao wadudu wanauawa na nini?" Maelezo ya sabuni na maji yalikuwepo, ila yalikuwa chini sana, baada ya mapambo yote.

Siku ile ile niliondoa kila kitu isipokuwa kisanduku cha kutafutia na kumbukumbu ya makala za nyuma. Kuondoa ni kazi ya dakika chache na hakuhitaji ujuzi wa kompyuta, jambo ambalo kwangu ndilo sifa kubwa ya huduma hii. Lebo za makala, ambazo zilikuwa zimefika arobaini na kitu, nilizipunguza zikabaki tano, nazo ni udongo, mbegu, maji, wadudu na mavuno.

Katika uchaguzi wa mandhari, yaani mwonekano uliotengenezwa tayari wa blogu, ninapendekeza ile ya zamani iitwayo Simple. Contempo, iliyoletwa mwaka 2017, inapendeza machoni, lakini ukurasa wake wa mwanzo humpa msomaji kadi zenye picha na maneno machache ya utangulizi, hivyo humlazimu kubonyeza tena kabla hajasoma lolote la maana. Kwa wasomaji wangu, ambao wengi hununua kifurushi cha data cha siku moja, kila ukurasa wa ziada unaofunguliwa ni gharama, na ndiyo maana hata picha ninaweka moja kwa kila makala, baada ya kuipunguza ukubwa.

Huduma yenyewe ni ya bure, na anayetaka anwani yake mwenyewe, kwa mfano ya .co.tz, hununua jina kwa msajili kisha akaliunganisha bila kuilipa Blogger chochote. Anayepanga kufungua duka la mtandaoni au gazeti lenye waandishi kumi atafute kwingine, kwani hapa atabanwa. Anayetaka kuandika makala moja kwa juma kuhusu jambo analolijua vizuri atatosheka nayo, na ninamshauri apakue nakala ya blogu yake yote kila baada ya miezi michache, kwa kuwa kitufe cha kufanya hivyo kimo ndani ya mipangilio.